Aiskrimu ya stroberi ya nyumbani bila mashine: anza na maji ya tunda

Watu wengi wanaojaribu kutengeneza aiskrimu ya stroberi nyumbani hawarudii mara ya pili, na sababu huwa ile ile: iliganda ikawa jiwe. Kijiko hakiingii, na ukifanikiwa kung'oa kipande unatafuna barafu yenye ladha ya tunda kwa mbali. Lawama hutupiwa friji, au kukosekana kwa mashine. Mhusika hasa ni maji. Stroberi ina maji takriban asilimia 90, na ukiyaacha maji hayo yaingie kwenye maziwa jinsi yalivyo, yataganda yawe chenga za barafu hata kama una mashine ya bei kubwa.

Kwa hiyo kazi yote iliyoandikwa hapa chini inazunguka jambo hilo: kupunguza maji ya tunda kabla hayajakutana na maziwa, kisha kuyafunga yale yaliyobaki. Ukilisimamia vizuri, sufuria, bakuli na friza ya kawaida vinatosha.

Vitu vya kuandaa

Kikombe ninachotumia hapa ni cha mililita 250. Inatoka zaidi ya lita moja kidogo.

- Stroberi mbivu, nusu kilo
- Sukari kikombe kimoja (gramu 200), utaigawa nusu kwa nusu
- Juisi ya limau au ndimu, kijiko kikubwa kimoja
- Maziwa yenye mafuta yake yote, kikombe kimoja
- Krimu nzito ya maziwa, ile ya kupiga, mililita 300
- Viini vya mayai manne
- Chumvi kidogo sana, ile inayoshikwa kwa ncha za vidole

Maziwa kama umeyanunua kwa mfugaji, yachemshe kwanza yapande kabisa, hata kama utayapasha tena baadaye. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe, na kugandisha hakuui vijidudu hivyo.

Krimu ndiyo inayosumbua kupatikana nje ya miji mikubwa. Ukiipata, soma pakiti: tafuta mafuta ya asilimia 35 au zaidi. Ikishuka chini ya 30, utaipiga mpaka mkono uchoke na haitaumuka. Krimu ya unga wanayotumia wapambaji wa keki inaumuka upesi, lakini nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya mimea, na huacha utandu wa mafuta kwenye kaakaa. Mimi siipendi kwa kazi hii. Kuna njia nyingine iliyo bora kuliko hiyo: maziwa ya kopo yasiyo na sukari. Yamimine kwenye bakuli, yaweke friza mpaka pembeni yaanze kushika barafu, kisha yapige hapo hapo. Yanaumuka vizuri, ila yana ladha ya maziwa yaliyopikwa na povu lake halidumu, hivyo kila kitu kingine kiwe tayari kabla ya kuanza kuyapiga. Malai unayoyaengua juu ya maziwa ya kuchemsha hayaumuki. Usiyatupe lakini: yasage pamoja na kikombe chako cha maziwa, yataongeza utamu wa mafuta.

Kuchagua stroberi

Hapa ndipo aiskrimu inapopatikana au kukosekana. Stroberi haiendelei kuiva ikishachumwa. Ndizi au parachichi unaweza kununua bichi ukaisubiri; stroberi ukiinunua ikiwa na mabega meupe, itazidi wekundu kidogo na kulainika, lakini sukari haitaongezeka hata kidogo. Kwa hiyo amini pua kabla ya macho. Kiboksi cha stroberi nzuri kinanukia kabla hujakifungua. Kisiponukia, rudisha, hata kama matunda ni makubwa na yanang'aa.

Halafu geuza kiboksi uangalie chini. Matunda mazuri hupangwa juu, na chini ndiko kunakoonekana majimaji na ukungu. Tunda lililolegea au kubonyea halina shida kwa kuwa tunalipika. Lenye ukungu litupe, na yale yaliyogusana nalo yakague moja moja.

Huu ni mmea unaopenda baridi. Stroberi kubwa tunazokula leo zilipatikana Ulaya katika karne ya 18, pale aina ya Chile, iliyopelekwa Ufaransa mwaka 1714 na Mfaransa Amédée-François Frézier, ilipochanganyika na aina ya Amerika Kaskazini. Kwetu hulimwa nyanda za juu, Limuru na Lushoto kwa mfano, na zikishuka Mombasa au Dar es Salaam huwa zimeshasafiri kwenye joto. Ukiishi pwani, zinunue siku ile ile unayotaka kuzipika. Kesho yake harufu imeshapungua nusu. Zilizogandishwa za dukani nazo zinafaa, mradi ziwe hazijatiwa sukari. Ziache ziyeyuke, na yale maji yake yapike pamoja nazo, kwa sababu ladha nyingi imo humo.

Osha stroberi zikiwa bado na vikonyo vyake. Ukikata kikonyo kwanza, tunda linakunywa maji ya kuoshea, na sisi tunahangaika kuyatoa. Usiziloweke. Zipitishe kwenye maji yanayotiririka, zitandaze juu ya kitambaa safi zikauke, ndipo uondoe vikonyo pamoja na ile sehemu nyeupe ngumu ya ndani.

Kupika tunda

Kata kila stroberi vipande vinne, zitie kwenye bakuli na nusu kikombe cha sukari, geuzageuza, acha saa moja. Sukari inavuta maji kutoka ndani ya tunda. Ukirudi utakuta vipande vimesinyaa vimekaa kwenye dimbwi jekundu.

Mimina vyote kwenye sufuria pana. Upana una maana yake: maji yanatoka haraka, na tunda halikai motoni muda mrefu likapoteza uhai wake. Epuka sufuria ya aluminiamu tupu, ambayo ndiyo iliyojaa majikoni mwetu, kwa sababu ukali wa tunda unashambulia aluminiamu na chakula kinachukua ladha ya chuma. Tumia ya stili, au ile isiyoshika chakula.

Moto uwe wa wastani. Mwanzoni utaona povu la waridi likipanda pembeni na maji yakizidi kuongezeka, usishtuke. Baada ya dakika kumi hivi povu linatulia, matone yanakuwa makubwa na mazito, na sauti ya mchemko inashuka. Kuanzia hapo usiondoke. Koroga, na kila mara pitisha mwiko chini ya sufuria kwa mstari mmoja. Njia ikifunikwa papo hapo, bado. Ikibaki wazi kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, ndipo ijifunge, zima moto. Kwa kawaida ni dakika 15 hadi 20 jumla. Gramu 600 za tunda na sukari zitakuwa zimebaki kama 350, maana yake zaidi ya nusu ya maji ya tunda yameshatoka. Usipitilize hapo, la sivyo utakuwa na jamu, na aiskrimu itaonja jamu.

Limau litie sasa, moto ukiwa umezimwa. Kazi yake ni mbili. Kwanza linarudisha ule ukali mwororo ambao moto umeupunguza. Pili linalinda rangi: wekundu wa stroberi hukaa mwekundu penye ukali, na ukichanganywa na maziwa hugeuka kuelekea zambarau iliyopauka. Wengi wakiona hivyo hukimbilia rangi ya chupa. Kijiko kimoja cha limau kinatosha.

Mwenye oveni anaweza kuzioka badala ya kuzichemsha: zitandaze kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, nyuzi 190, dakika 25 hivi, ukizigeuza mara moja. Ladha yake ni nzito zaidi. Kila tone lililobaki kwenye karatasi likwangue.

Saga nusu iwe laini kabisa, nusu nyingine iponde kwa uma ibaki na vipande vidogo. Vipande hivi vimeshajaa sukari, kwa hiyo vitabaki laini hata friza. Vipande vya stroberi mbichi ambavyo watu hupenda kuvitumbukiza mwishoni ndivyo vinavyogeuka changarawe za barafu. Viweke pembeni, utavipanga juu siku ya kula. Mbegu sizichuji, zinakumbusha kwamba ni tunda kweli. Mwenye kuzichukia apitishe kwenye chujio.

Weka friji mpaka ipoe kabisa.

Kastadi ya viini

Pasha maziwa na ile chumvi mpaka mvuke uanze kupanda na vipovu vidogo vitokee pembeni. Wakati huo piga viini na nusu kikombe cha sukari kilichobaki mpaka vipauke. Sasa mimina maziwa ya moto juu ya viini kidogo kidogo, mkono mmoja unamimina, mwingine unakoroga bila kusimama. Ukimimina yote kwa mkupuo, umepika mayai ya kuvuruga.

Rudisha kwenye sufuria, moto mdogo kabisa, ukoroge kwa mwiko wa mbao ukifika kila kona ya chini. Baada ya dakika chache utahisi mwiko unazidi kuwa mzito. Unyanyue, ugeuze mgongo wake juu, pitisha kidole katikati. Mstari ukibaki safi na kingo zake zisitiririke, imeiva. Kwa mwenye kipimajoto ni nyuzi 82. Ikipita 85 viini vinaganda mabonge. Ukiona dalili za mabonge, mimina yote mara moja kwenye bakuli baridi, saga, chuja. Mara nyingi inaokoka.

Hata ikitoka vizuri, chuja. Kisha ketisha bakuli kwenye beseni la maji ya barafu, koroga mpaka ipoe, funika, weka friji kwa saa nne au usiku kucha. Subira hii inalipa. Viini vina lesithini, inayoshikanisha mafuta na maji, na kastadi iliyopumzika inakuwa nzito zaidi, hivyo maji hayapati nafasi ya kukusanyika na kutengeneza chenga kubwa.

Asiyekula mayai atumie kornflawa, kijiko kikubwa kimoja na nusu, aivuruge kwanza kwenye maziwa baridi kidogo, kisha aipike pamoja na maziwa yaliyobaki na sukari mpaka ichemke na kuwa nzito. Unga wa kastadi wa kopo nao unafanya kazi, ila ni wa manjano, na manjano juu ya nyekundu inakupa aiskrimu ya rangi ya chungwa.

Kuchanganya

Kila kitu kiwe baridi. Tunda lenye ukali likikutana na maziwa ya moto, maziwa yanakatika.

Koroga tunda ndani ya kastadi, uonje. Iwe tamu kupita unavyopenda, kwa sababu ulimi uliopigwa na baridi hausikii sukari vizuri. Usijaribu kupunguza sukari ya maelekezo haya kwa nia njema ya afya. Sukari ndiyo inayozuia maji yasigande yote. Ukiipunguza sana unarudi kule kwenye jiwe. Kama unataka sukari kidogo, kula kidogo.

Bakuli la kupigia krimu likae friza robo saa. Pwani, msimu wa joto, liketi juu ya bakuli jingine lenye barafu wakati unapiga. Piga kwa mashine ndogo ya keki au kwa mkono mpaka krimu ishike umbo, lakini ukinyanyua, ncha yake ilale. Simama hapo. Ukiendelea inaanza kuwa na chembechembe, na hatua inayofuata ni siagi.

Chukua theluthi ya krimu, ikoroge ndani ya mchanganyiko wa tunda bila kuogopa, ili kuulegeza. Iliyobaki itie kwa awamu mbili, ukipitisha mwiko chini na kuukunja juu, polepole, ukizungusha bakuli. Unachokilinda ni hewa. Aiskrimu nyingi za viwandani zinakaribia kuwa nusu hewa, na ndiyo sababu zinachoteka kwa urahisi. Sisi hatuhitaji nyingi kiasi hicho, lakini bila hewa kabisa kijiko kitakwama.

Kugandisha

Kadiri inavyoganda haraka ndivyo chenga za barafu zinavyokuwa ndogo, na zikiwa ndogo sana ulimi hauzitambui. Kwa hiyo tumia chombo kipana cha bati au stili, si ndoo ndefu ya plastiki, na chombo kiwe kimeshakaa friza. Mchanganyiko uwe na kina cha vidole viwili hadi vitatu. Saa chache kabla, sogeza kitufe cha friza mpaka baridi ya mwisho, na ondoa nyama mbichi isiyofunikwa, kwani mafuta ya krimu yanavuta harufu.

Baada ya dakika 45 hadi saa moja, kingo zitakuwa zimeshika. Zikwangue ulete katikati, piga kwa nguvu kwa uma mpaka kila kitu kiwe laini tena. Rudia mara mbili au tatu, kila baada ya nusu saa. Ikishakuwa nzito kiasi cha kusimama, hamishia kwenye chombo chenye mfuniko, bandika karatasi ya kuokea juu yake ili isiguse hewa, funika, acha saa sita au mpaka kesho.

Kama huna friza, una barafu

Njia hii ni ya zamani, na mimi naipenda kuliko zote watoto wakiwepo. Mwaka 1843 Nancy Johnson wa Philadelphia, Marekani, alipata hataza ya chombo cha kutengenezea aiskrimu kwa kuzungusha mkono: kopo ndani ya ndoo, barafu na chumvi katikati. Unaweza kuunda cha kwako kwa kopo la stili lenye mfuniko wa kubana na ndoo inayolizidi upana kwa kiganja.

Barafu peke yake inabaki kwenye nyuzi sifuri, na hapo mchanganyiko wenye sukari haugandi. Chumvi inailazimisha barafu iyeyuke ikiwa chini ya sifuri, na inapoyeyuka inanyonya joto kutoka kwenye kopo. Barafu na chumvi kwa vipimo sahihi vinaweza kushuka mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri. Nyumbani, vikombe vitano vya barafu iliyopondwa kwa kikombe kimoja cha chumvi ya mawe vinatosha kabisa.

Kwa njia hii krimu usiipige. Ikoroge mbichi pamoja na kastadi na tunda, jaza kopo theluthi mbili tu, maana mchanganyiko utapanda. Panga barafu na chumvi kwa matabaka mpaka karibu na shingo ya kopo, kamwe zisifike kwenye mfuniko. Tone moja la maji ya chumvi likiingia, aiskrimu yote imeharibika. Zungusha kopo huku na huku kwa dakika 20 hadi 30, mtoto akichoka apokewe na mwingine. Kila dakika tano futa mfuniko, fungua, kwangua kingo kwa mwiko. Itatoka laini, ya kuliwa hapo hapo. Maji ya chumvi yasimwagwe kwenye mimea.

Kula na kutunza

Toa friza dakika kumi kabla, Nairobi labda robo saa, Tanga dakika tano. Chovya kijiko kwenye maji ya moto, kikaushe, chota. Aiskrimu ya nyumbani haina dawa za kuizuia isichuje, kwa hiyo ni tamu zaidi wiki ya kwanza. Ikipita ya pili chenga zinaanza kukua. Ikae ndani kabisa ya friza, mbali na mlango.

Umeme ukikatika, usifungue friza. Ikiwa imejaa, inahimili saa nyingi. Ukikuta aiskrimu imelegea tu lakini bado ni baridi sana, ipige kwa uma uigandishe tena, itapungua ulaini lakini inaliwa. Ikiwa imeyeyuka kabisa na kukaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, imwage yote. Mayai, maziwa na sukari ni makazi mazuri kwa vijidudu, na kuigandisha upya kutavilaza tu, vitaamka tumboni.